Rangi Iliyotangulia Sauti

Wakubwa hawakuwemo chumbani, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza.

Mimi ni fundi bomba. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wa kila umbo, na jambo moja limenikaa: mkubwa akikosekana mahali, ujue hapo kuna lawama inatafuta pa kulala. Bomba kuu likipasuka, bosi yuko semina. Tenki jipya likizinduliwa, bosi yuko mbele kabisa kashika mkasi. Sasa binti yangu ananiambia kuna mkutano wa watafiti chipukizi, watoto ambao wengine ndevu zinawaota kwa mafungu, na kanuni yao ni kwamba mabosi hawaingii. Eti ili vijana waseme bila woga, na linalosemwa mle libaki mlemle.

"Na nani katunga hiyo kanuni?" nikamuuliza.

"Sisi wenyewe, Baba."

"Wakubwa wakakubali?"

"Wakakubali."

"Upesi?"

Akacheka. "Baba, wewe hata mvua ikinyesha utauliza imetumwa na nani."

Huyu binti tunamwita Chiriku tangu utoto kwa sababu mdomo wake haukai. Kasoma mpaka mimi nimechoka kumsindikiza, na sasa anafanya kazi kwenye jengo lililoshikana na hospitali, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Kazi yake ni ultrasaundi, lakini si ile ya kuangalia mimba. Ya kwao inaangalia ubongo ukiwa kazini. Nilipomwambia sielewi, alinieleza kwa lugha yangu: "Ukiwa umelala ukasikia bomba linanguruma ukutani, si unajua kuna mtu kafungua koki jikoni? Basi. Ubongo ukifanya kazi mahali, damu inakimbilia pale. Sisi tunaisikiliza damu, halafu mashine inatupa rangi."

Nikamwambia bomba linaweza kunguruma kwa upepo tu. Akasema, "Ndiyo maana tunagombana kila siku."

Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na wanaosema mashine imesema. Mama yake Chiriku alipelekwa hospitali akiwa na kichwa kinamuuma na mdomo umeanza kwenda upande. Wakampiga picha, wakasema picha ni safi, mama yuko salama, mrudisheni akapumzike. Akapumzika kweli. Hakuamka. Nilipokwenda kuuliza, wakanitolea kijana aliyeshika mashine siku ile, kashasimamishwa kazi, analia kama mtoto. Mashine ilikuwa mbovu na wenyewe walishaambiwa. Yule aliyeambiwa nilitaka nimwone uso, nikaelezwa hayupo, kapandishwa cheo, kahamishwa. Kapandishwa! Tangu hapo mimi nikisikia "picha ni safi" nywele zinanisimama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ung'ongo ninaoshtukia umevaa koti jeupe.

Sasa mwanangu wa kiume, ambaye ni dereva wa malori na siku zile alikuwa safarini, alikuwa amepata mtoto. Mtoto njiti, kazaliwa kabla ya wakati, unaweza kumlaza kwenye kiganja na vidole vikabaki. Wa kike. Akapewa jina la marehemu bibi yake, kwa hiyo mimi namwita mke wangu. Manesi wodini walishazoea. Nikitokea mlangoni tu, sista mkubwa anapaza sauti, "Haya, wanawake jifunikeni, mume wa mtu kaja kumwona mkewe!"

Mke wangu huyo alikuwa anapata degedege. Anakakamaa, macho yanakwenda juu, kisha analegea. Wakampa dawa, ikatulia. Hapo ndipo Profesa, bosi wa Chiriku, alipoona fursa. Mtoto mchanga utosi wake haujafunga, na ile mashine inachungulia vizuri pale ambapo mfupa haujashika. Chiriku akaenda na kidude chake, akakiweka kwenye utosi wa mtoto wa kaka yake, wakampigia sauti ya mama yake iliyorekodiwa, wakanyamaza, wakapiga tena. Kila sauti ya mama ilipolia, rangi nyekundu ilipanda. Mkwe wangu alipoonyeshwa alilia machozi ya furaha. "Ananisikia, Baba! Tazama, ananijua!"

Profesa akaichapisha ile picha kubwa kama mlango, akaibandika kwenye ukumbi wa kuingilia. Kisha akamwambia daktari wa wodi kwamba ubongo wa mtoto unaitikia vizuri, hakuna haja ya kumweka zaidi. Kitanda kinahitajika. Aruhusiwe.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ya mkutano wa vijana. Mchana mtoto anatoka, asubuhi Chiriku anaionyesha picha yake. Nikasema hakuna atakayemtundika mke wangu ukutani mimi nisiwepo. Chiriku akaniombea ruhusa kwa wenzake. Walikubali kwa sharti nisiongee.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango, mahali unapoweza kutoka ukisikia harufu mbaya. Chumba kilikuwa cha kawaida, viti vya plastiki, mapazia yamefungwa kwa sababu ya projekta, na waya umepita sakafuni umebandikwa gundi ili watu wasijikwae. Walijikwaa hata hivyo.

Vijana wale wana desturi yao. Kila anayeonyesha kazi anapewa mvunjaji. Siku chache kabla, unampa mwenzako rekodi zako zote mbichi, naye anazichunguza atafute pa kukuangusha. Ukimaliza kuongea, yeye anasimama. Mmoja alionyesha ubongo wa panya anayepapaswa sharubu, mvunjaji wake akamwambia, "Panya wako alikuwa amelala, kaka. Umetupigia picha ya ndoto." Chumba kikaanguka kwa kicheko na mwenye panya akacheka pia, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mvunjaji wa Chiriku. Kijana mrefu, mwembamba, wenzake wanamwita Mlingoti. Naye yuko chini ya Profesa yuleyule. Na asubuhi ile, nilipokuwa natafuta choo, nilimwona kwenye korido kasimama na Profesa. Profesa kamwekea mkono begani, anaongea polepole karibu na sikio, kijana anatazama viatu vyake. Mimi mkono wa bosi begani mwa mfanyakazi naujua. Si mkono wa mapenzi. Nikajiambia, huyu katumwa. Ila katumwa kufanya nini, kumwangusha binti yangu au kumpamba, hapo ndipo sikuwa na uhakika.

Chiriku akasimama, akaonyesha. Kichwa cha mke wangu kikatokea ukutani, kikubwa kuliko sisi sote, cheusi, na ndani mishipa kama mizizi. Sauti ya mkwe wangu ikatoka kwenye spika, "Mwanangu, mama yupo hapa," na nyekundu ikapanda. Sauti ikanyamaza, rangi ikashuka. Watu wakapiga makofi. Nakiri hata mimi nilipiga. Ukiwa umezika, ukaona kitu chenye jina lile kinaitikia, mikono inapiga yenyewe.

Mlingoti akasimama. Aliomba picha irudishwe nyuma, ipigwe taratibu.

"Angalieni mstari wa sauti hapa chini," alisema. "Na angalieni rangi. Rangi inapanda kabla ya sauti."

"Kidogo tu," akasema Chiriku.

"Kidogo, lakini kila mara. Damu kawaida huchelewa, dada. Kwanza sauti, kisha ubongo, kisha ndiyo damu inafika. Hii yako imefika mapema. Ubongo haujibu swali ambalo halijaulizwa."

Nikaona uso wa binti yangu unabadilika, na mimi sharti lao likanitoka kichwani. Nikasimama.

"Wewe kijana, umetumwa na nani?"

Watu wakageuka. Msichana mmoja akasema, "Mzee, tafadhali," lakini nilishafungua koki.

"Nimekuona asubuhi na Profesa. Mkono begani. Alikwambia nini? Alikwambia umwaibishe mwenzako ili kazi aichukue yeye?"

Mlingoti akameza mate. Alikuwa na koromeo kubwa, likapanda na kushuka. "Shikamoo, Mzee."

"Usiniamkie, nijibu!"

"Aliniomba nisiivunje, Mzee. Alisema hii iache, inatufaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshika mwizi, lakini si yule niliyekuwa nimemkamata shati.

Chiriku alikuwa bado anatazama ukuta. Akairudisha picha nyuma mwenyewe, akaipiga tena taratibu. Kisha akasema, "Ni mkono wangu."

"Vipi?" akauliza Mlingoti, sasa kwa upole.

"Kofia ya kushikilia kifaa ilikuwa kubwa kwa kichwa chake. Njiti. Ilikuwa inazunguka. Nikaivua, nikashika kwa mkono. Na kioo cha kompyuta kilikuwa mbele yangu, mpangilio wa sauti ninauona. Nilikuwa najua mama yake anaongea lini." Alijitazama mkono kama wa mtu mwingine. "Nilikuwa nataka aisikie. Nadhani kila ilipokaribia nilikuwa nakandamiza, na kifaa kikitikisika rangi inapanda yenyewe. Kidogo. Sikujijua."

Mvunjaji wake akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alikuwa kijana mwenye huruma, nasema hivyo sasa, wakati ule nilikuwa bado namtazama kwa jicho la pembeni.

Nikauliza kutoka nyuma, na mara hii hakuna aliyenizuia. "Kwa hiyo mtoto hasikii?"

"Sijui, Baba. Picha haisemi anasikia, wala haisemi hasikii. Haisemi kitu."

"Na leo anaruhusiwa."

Chiriku alikuwa keshatoka. Aliacha viatu vya kisigino chini ya meza, akakimbia peku, na mimi nyuma yake na magoti yangu ya chuma chakavu, na Mlingoti nyuma yangu.

Profesa alikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya ile picha kubwa. Suti safi, manukato yanamtangulia. Habari zilishamfikia, sijui kwa mdomo wa nani, labda kuta za mle zina masikio ya kulipwa. Alinyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Taratibu," akasema. "Unakwenda wapi?"

"Wodini, Profesa. Picha ni mbovu."

"Picha ina kasoro ndogo. Tutairekebisha kwa utulivu. Na nakumbusha, yanayosemwa kwenye chumba kile yanabaki kwenye chumba kile. Si kanuni yenu wenyewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakubwa walikubali upesi. Nilitaka kumwambia binti yangu, unaona? Nilikwambia! Lakini ilikuwa furaha ya kijinga, mtu anashangilia kwamba nyumba kweli inaungua.

Chiriku akasema, "Kanuni tutaitunga upya kesho. Nipishe."

"Fikiria kazi yako."

"Ndiyo ninayoifikiria."

Profesa hakumpisha. Basi Mlingoti akapita upande wa kulia, akasimama katikati yao na urefu wake wote, akajifanya anaitazama ile picha ukutani kama mtalii. Chiriku akapenya kushoto. Mimi nilipita katikati. Nikamkanyaga Profesa kiatu, na sikuomba radhi.

Wodini mkwe wangu alishafunga mizigo. Mtoto kazungushiwa shali, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, anasubiri tu dawa za kwenda nazo nyumbani. Alitupokea kwa tabasamu.

"Shangazi mtu mbona peku? Unakimbilia harusi gani?"

Chiriku akamweleza. Hakuzunguka. Alisema, "Picha niliyokuonyesha si yake, ni yangu. Mkono wangu ndio uliojibu sauti yako." Sijui kama umewahi kumwona mtu akiporwa kitu alichokuwa amekishika kwa mikono miwili. Mkwe wangu alikaa kitandani.

"Ulinionyesha nikalia," alisema. "Nikampigia mume wangu njiani, nikamwambia mtoto ananijua. Watu wazima nyie, mnacheza na nini?"

"Wifi, nisamehe."

"Usiniite wifi sasa hivi."

Daktari wa wodi akaja na haraka zake. Akasema suala la mtoto lilishaamuliwa, Profesa keshasema, kuna mama mwingine na mtoto wake anasubiri kitanda hicho koridoni. Na ilikuwa kweli, nilimwona, kakaa kwenye benchi na mtoto wake kifuani. Wakubwa ndivyo walivyo, wanatupa kitanda kimoja kisha wanatutazama tukigombania.

Nikakaa juu ya kitanda. Nikamwambia daktari, "Mimi nishawahi kupewa mgonjwa wangu na picha safi. Safari hii mgonjwa simpokei."

"Mzee, unavunja taratibu."

"Naona leo kila mtu anavunja."

Daktari akamgeukia Chiriku. "Una uhakika? Unajua unachosema? Nikimweka, nitaulizwa. Nitasema nani kasema?"

Nilimtazama binti yangu. Nitasema ukweli, nilikuwa na shaka naye pia. Kasomeshwa na hao hao, kala meza moja nao. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikangoja aanze kusema mashine, hali ya hewa, kofia, mfumo. Miaka yote hii tangu mama yake, hakuna aliyewahi kunitazama na kusema ni mimi.

"Sema mimi," akasema Chiriku. "Picha niliipiga mimi na niliiharibu mimi. Mtoto hajapimwa. Mchukulie kama hajapimwa kabisa."

Daktari akakuna shingo, akamwita sista mkubwa. Wakasogeza vitanda viwili vikagusana, yule mama wa koridoni akapata nusu na mkwe wangu nusu. Mtoto akabaki.

Kesho yake wakarudia kipimo, mbele ya macho yangu. Nilisimama pale pale, nikauliza kila waya. Kofia ilikuwa ndogo safari hii, na mwangalizi wa kifaa alikuwa Mlingoti, kageuzia kioo mgongo, masikioni kavaa vizibo vinavyopiga muziki ili asijue sauti inalia lini. Alikuwa anatikisa kichwa kwa muziki mpaka nikamfinya. Chiriku hakuruhusiwa kusogea. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Rangi ilitokea, hafifu, upande mmoja tu, na ilitokea baada ya sauti. Upande wa pili palikuwa kimya. Nilimuuliza Mlingoti maana yake nini, akasema hajui, na watoto waliopimwa hivi bado ni wachache mno kwa mtu yeyote kudai anajua. Nilimtafutia uwongo usoni sikuupata, nikaendelea kutafuta.

Siku ya tatu, mchana kweupe, wakati wa kunyonyesha, mke wangu alikakamaa. Degedege kubwa kuliko zote, midomo ikawa ya bluu. Mkwe wangu akapiga kelele na sista mkubwa akafika kabla kelele haijaisha, oksijeni ikawekwa, sindano ikachomwa, na mimi nikabanwa ukutani na manesi wanaopita. Kama angekuwa nyumbani, kwetu kule barabara ilikochimbwa ikaachwa, tungekuwa bado tunatafuta gari. Alilegea. Akapumua. Rangi ya ngozi ikarudi taratibu kuanzia masikioni.

Wakabadilisha dawa. Wakasema sasa lazima atazamwe upande ule wa kichwa uliokuwa kimya. Atakuwa mzima? Sijui, na safari hii nimeambiwa na wenyewe kwamba hawajui, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa hospitalini.

Chiriku aliondolewa kwenye kazi ile wiki hiyohiyo. Kapelekwa kuhesabu vifaa stoo, kwa kosa la kutokufuata utaratibu wa kushika kifaa. Kosa kweli alilifanya. Aliyejua kuna kosa akasema "iache, inatufaa" hakupelekwa stoo. Picha ilitolewa ukumbini na pakabaki alama nne za gundi. Mkwe wangu bado hajamrudishia jina la wifi, ila juzi nilimkuta anamwachia mtoto ambembeleze, na hiyo kwa wanawake wa nyumba yangu ni hotuba ndefu.

Halafu Profesa akaja wodini. Alikuja na wageni wawili wenye beji shingoni, anawaonyesha vitanda. Akanitambua. Akaja moja kwa moja na tabasamu, mkono umenyooshwa, sauti ya kusikika na wote.

"Mzee wetu! Huyu ndiye babu wa yule mtoto niliyewaambia. Tulifanya uamuzi mzuri sana kumbakiza, au sivyo, Mzee? Tulikuwa makini."

Tulifanya. Tulikuwa.

Nilikuwa nimempakata mke wangu na chupa ndogo ya maziwa, ile wanayonyweshea njiti, tone kwa tone, na alikuwa ananyonya kwa hasira kama bibi yake alivyokuwa akila akigombana nami. Mkono wa Profesa ulining'inia pale hewani, na wageni wakautazama.

"Mikono yangu ina kazi," nikamwambia. "Nenda stoo, kuna mtu kule mikono yake iko mitupu. Mpe yeye."